Mtoto Aliyesikia Vikombe

Severa alimchoma mumewe kiganja kwa shazia mchana kweupe, mbele ya wateja na wachukuzi. Wapo wazee wa Kariakoo ambao mpaka leo wakilisimulia jambo hilo hutikisa vichwa, kana kwamba mwanamke yule alizaliwa ameshika sindano na kazi yake ilikuwa kungoja nyama ya mume. Kilichotangulia hawakisemi. Wengi wao walikuwapo kilipotangulia, na waliona sawa tu. Basi tuanze pale kisa kinapoanzia.

Severa alikuwa mshonaji wa magunia. Miaka ile ya foleni magunia mapya yalikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo yaliyochanika yalikung'utwa, yakatiwa viraka, yakarudi kubeba mchele na maharage. Alikaa kwenye baraza ya ghala la Sadalla, mfanyabiashara wa nafaka, si mbali na soko, miguu kainyoosha mbele na gunia mapajani. Shazia yake ilikuwa sindano nene, ndefu kupita kiganja cha mtu, imepinda kidogo kwenye ncha. Inapenya katani bila shida, na ukizubaa inapenya paja lako. Alikuwa mtu wa Ndanda, mfupi, mpana wa mabega, na mdomo wake haukuwa na breki. Mchukuzi aliyemrushia gunia badala ya kumwekea alipewa vidonge vyake hapo hapo.

Mumewe Ignasi alitoka kusini hukohuko. Alikuwa kuli bandarini, pande la mtu, na heshima yake mtaani aliijenga kwa ngumi. Aliwahi kumvunja mtu taya kwenye foleni ya unga wa njano, na yule mtu ndiye aliyeomba radhi. Nyumbani hakupenda kurudia neno. Josepha, binti yao wa kwanza, alilijua hilo tangu anatambaa. Katika nyumba zile mtoto akiitwa na mkubwa huitika: wa kike husema "Abee", wa kiume husema "Naam". Anayekaa kimya amemtukana aliyemwita, wala hakuna mjadala.

Kisha akazaliwa Gaudens.

Alikuwa mtoto mzuri, macho makubwa, na kwa miezi ya mwanzo Severa hakuona neno ila moja. Josepha alipokuwa akinyonya alimkodolea mama yake macho mpaka mama mwenyewe akaona haya. Huyu alinyonya akitazama mwanga wa dirishani. Ukimwinamia umbebe hakuinua mikono, alibebwa tu, mzito, kama gunia lililojazwa vizuri. Mama yake akitoka hakulia, na akirudi hakucheka. Alipotimiza mwaka alikuwa na maneno mawili, mama na maji, kisha nayo yakapungua, yakapungua, na siku moja Severa akagundua kwamba hajaitwa mama tangu Pasaka. Alikaa chini uani akalia, huku akijiambia kwamba analia kwa sababu ya moshi.

Yalikuwapo mengine. Josepha alipokuwa na umri ule kila kitu alikionyesha kwa kidole, paka, ndege, hata padri. Gaudens hakumwonyesha mtu kitu chochote. Akitaka maji alimshika mama yake mkono, akauvuta mpaka mtungini, akauweka juu ya kata, akasubiri. Usoni hakumtazama. Aliutumia mkono ule kama mtu anavyotumia koleo, na akishamaliza aliuacha. Kitu alichokipenda duniani kilikuwa mfuniko wa sufuria. Aliuzungusha sakafuni kama pia, akalaza shavu chini autazame unavyotetemeka hadi utulie, kisha akauzungusha tena. Ukimnyang'anya alijigonga kichwa ukutani mpaka chokaa ikadondoka.

Severa alimpeleka kliniki ya watoto. Wakampima uzito, wakasema ni mzima, wanaume huchelewa kusema, arudi nyumbani.

Ignasi alikuwa na kipimo chake. Alichukua debe tupu na kipande cha nondo, akasimama nyuma ya mtoto akalipiga kwa nguvu zote za bandarini. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Gaudens aliendelea na mfuniko wake.

"Kiziwi," alisema Ignasi, akaiweka nondo chini taratibu.

Hapo ndipo Severa alipomwona mume ambaye hakuwahi kumjua. Ignasi, mvunja taya, alianza kurudi kutoka kazini na ndizi mbivu mfukoni. Alimpandisha mtoto mabegani akazunguka naye mtaa mzima, na aliyethubutu kumtania alitazamwa jicho moja tu akanyamaza. Mtoto asiyesikia hana kosa la kutoitika. Kwa kiziwi wake Ignasi alikuwa baba kweli kweli, na Severa alipenda kuwatazama wakitoka mlangoni, yule mkubwa akiinama ili mdogo asigonge kichwa kwenye kizingiti cha juu.

Raha ile aliivunja mwenyewe, kwa furaha yake.

Alasiri moja alikuwa uani anamenya muhogo. Mbali, upande wa pili wa mtaa, muuza kahawa alikuwa anapita akigonganisha vikombe vyake. Severa mwenyewe alivisikia kwa shida. Gaudens aliuacha mfuniko uanguke, akainuka, akakimbia hadi barazani, akasimama pale viganja vikipepea pembeni ya masikio na uso umechanua. Severa aliganda na kisu mkononi. Kesho yake aliazima vikombe viwili, akajificha nyuma ya mlango, akavigonganisha taratibu. Mtoto akageuka. Akavigonganisha tena, na mtoto akaja.

Ignasi alipoingia tu, hata hajavua shati lililolowa jasho, mkewe alimvuta nyuma ya mlango kama mtu mwenye zawadi.

"Tazama, Baba Josepha."

Vikombe vikalia, na Gaudens akageuza kichwa. Severa alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Anasikia. Mwanetu anasikia kuliko mimi na wewe."

Ignasi hakucheka. Alitazama vikombe, akamtazama mtoto ambaye alikwisha kurudi kwenye mfuniko wake.

"Ananisikia," alisema. "Siku zote hizi nikimwita, ananisikia."

"Gaudens," akaita. Mfuniko ulikuwa unazunguka. "Gaudens."

Kofi lile lilimtupa mtoto hadi kwenye miguu ya kitanda.

Leo wenye elimu yao wanaiita hali ile usonji, na wanajua kuitafuta mapema, kwa jicho la mtoto, kwa kidole chake, kwa namna anavyoitika au asivyoitika. Siku zile pale Kariakoo jina lake lilikuwa jeuri, na dawa ya jeuri ilining'inia kiunoni mwa kila baba. Severa alikuwa ameleta habari njema nyumbani, na kwa habari hiyo akamtia mwanawe mikononi mwa mkanda. Hakujisamehe upesi.

Kipigo kikawa na utaratibu wake. Ignasi alirudi, akaita jina mara moja, akaita mara ya pili. Kisha alisema, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, "Unanisikia, mbwa wewe. Leo utanitambua." Halafu ukasikika mkanda unavyochomoka kwenye vitanzi vya suruali. Severa alijitupa katikati, akala mikanda yake, akasema yale yale kila siku, "Mwache, Baba Josepha, utaua." Mtoto hakukimbilia kwa mama. Alipiga yowe moja la juu, kisha akaenda ukutani akaanza kujigonga paji la uso, na Ignasi akaona hiyo nayo ni dharau, akaongeza. Majirani walisikia yote. Wanawake kisimani walimwambia Severa kwamba amemdekeza, sasa baba yake anamnyoosha.

Siku moja wifi yake, Candida, dada mkubwa wa Ignasi, alikuja na jibu.

"Wifi, ulimi wake umefungwa," alisema. "Kuna uzi chini yake. Ukikatwa, anasema. Mbona mtoto wa fulani alikatwa na sasa hanyamazi? Nimeshazungumza na fundi."

Severa alijua mafundi wale. Kwao Ndanda alimwona mtoto wa jirani akikatwa kimeo, na alimwona akizikwa. Lakini alifikiri hivi: akisema baba mara moja tu, Ignasi ataacha. Neno moja, hakutaka zaidi. Basi akakubali.

Fundi alikuja asubuhi na wembe uliofungwa kwenye kijiti, na kitambaa ambacho hakikuwa na rangi ya kueleweka. Candida alishika kichwa. Ignasi alishika mikono. Miguu aliishika Severa mwenyewe, na hilo ndilo alilolikumbuka maisha yake yote, vile vifundo vidogo vya miguu vilivyokuwa vinapigana ndani ya viganja vyake. Kijiko kilipotiwa mdomoni kuupanua, mtoto alikiuma, kikateleza, akakipata kidole cha fundi. Fundi akamzaba kofi la uso, akaingiza wembe. Damu ilijaa mdomo, ikamtoka puani, ikamwagika shingoni hadi kwenye mkeka. Gaudens alijipinda mwili mzima kama samaki, kisha akalegea, na kwa muda Severa alidhani amekufa.

"Kesho kutwa mtamsikia," alisema fundi akifunga kidole chake.

Walichosikia ni homa. Mdomo ulivimba, usaha ukaanza kunuka, na mtoto hakumeza hata uji. Severa alimfunga mgongoni akaenda naye kliniki ileile, akamkuta muuguzi mgeni aliyeitwa Sofia, mwanamke wa Kilimanjaro mwenye uso mkavu. Sofia aliusafisha mdomo, akadunga sindano, akamgombeza Severa mpaka akaishiwa maneno. Lakini hakuwaruhusu waondoke. Siku zilizofuata, kila walipokuja kudungwa, alikaa sakafuni kando ya mtoto akamtazama anavyozungusha kifuniko cha kopo.

"Mama, akitaka kitu anafanyaje?" aliuliza.

"Ananishika mkono."

"Anakutazama?"

"Anautazama mkono."

"Alishawahi kusema?"

"Alisema. Kisha akaacha."

Sofia alikisogeza kifuniko mbele ya mtoto. "Nilipokuwa masomoni nilimwona mmoja kama huyu, na daktari wetu alitueleza. Si ulimi, wala si jeuri, wala si jini. Kichwa chake ndivyo kilivyoumbwa. Jina lake analisikia, mama, lakini halimfikii kama linavyomfikia mtoto mwingine. Dawa sina, nisikudanganye. Ila usimwite kwa mbali. Kaa chini alipo, anza na kile anachokipenda, kisha ndiyo uzungumze. Na asipigwe. Ukimpiga unamfundisha kukuogopa tu."

Severa alirudi nyumbani na maneno yale kifuani. Alianza kukaa sakafuni na vikombe vyake viwili, akavigonganisha, akangoja uso ugeuke, kisha ndipo akasema, "Gaudens." Mara nyingine uso ulikaa kidogo kabla haujaondoka. Alimweleza mumewe yote. Ignasi alisikiliza hadi mwisho, akachukua moja tu.

"Kumbe dawa hakuna," alisema. "Basi ni mkanda."

Kilichobaki kilitokea mchana, mbele ya ghala la Sadalla. Maneno yalikuwa yameanzia bandarini, ambako makuli wenzake walimcheka Ignasi kwamba anaogopwa na wanaume wote wa gati isipokuwa katoto kake. Alikuja akitembea kwa nguvu, shingo imevimba. Severa alikuwa anashona. Gaudens alikuwa pembeni yake akizungusha mfuniko, mdomo bado una kidonda.

"Gaudens," aliita Ignasi. Wachukuzi walisimama na mizigo yao kutazama. "Gaudens."

Mmoja wao akacheka.

"Unanisikia, mbwa wewe. Leo utanitambua."

"Ignasi, bwana, si hapa mbele ya duka," alisema Sadalla kutoka ndani. Hilo tu ndilo lililomkera, kwamba ni mbele ya duka.

Mkanda ulipiga mgongo, ukapiga tena. Severa alidaka ncha yake, akavutwa, akaanguka juu ya magunia. Ignasi akautupa mkanda, akamkamata mtoto taya kwa mkono mmoja, akaanza kumpanua mdomo kwa vidole. "Sema naam. Ulimi si umekatwa? Sema." Kidonda kikafumuka. Damu ilimwagika kwenye vidole vya baba, na yeye akazidi kukaza, na taya dogo lile likaanza kwenda upande.

Severa hakupanga. Shazia ilikuwa mkononi, ikapita. Iliingilia nyuma ya kiganja ikatokea upande wa pili, na uzi wa katani ukaifuata mpaka gunia likainuka kutoka sakafuni.

Mtoto alianguka. Ignasi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, kisha akalia sauti ambayo makuli hawakuwahi kuisikia. Hapo ndipo umati ulipokuwa na huruma. Mchukuzi mmoja alimpiga Severa teke la mbavu, mwingine akamvuta nywele, mwanamke muuza nyanya akamchania blauzi huku akimwita muuaji wa mume. Alipigwa mpaka jicho likafumba. Hakujikinga, alikuwa amejikunja juu ya Gaudens, akihesabu kwa mgongo wake kila pigo ambalo halikumfikia. Aliyewatoa alikuwa Mzee Ramadhan, mjumbe wa nyumba kumi, na bakora yake.

Kesho yake asubuhi waliitwa barazani kwa mjumbe. Mtaa mzima ulikuja. Ignasi alikaa kwenye benchi, kiganja kimefungwa bendeji. Severa alikaa mkekani, uso umevimba, na Gaudens kando yake na mfuniko.

Candida ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, huyu si mke. Arudishwe kwao Ndanda. Watoto wabaki kwa baba yao."

"Nawe Ignasi?" aliuliza mjumbe.

"Aende," alisema Ignasi. "Mtoto ni wangu, nitamnyoosha mwenyewe. Mzee, mimi sikumtesa. Nilimpiga kidogo, kama baba yeyote. Waulizeni."

Watu wakaguna kukubali. Severa alifungua mdomo aeleze maneno ya Sofia, lakini midomo ilikuwa imevimba, na hata alipoyasema yalitoka vipande vipande. Mzee Ramadhan alisikiliza kwa adabu, akajikuna kidevu. Ilionekana wazi anakoelekea. Severa aliona kwamba jioni ile mwanawe angekuwa chumbani peke yake na mkanda ule.

Mfuniko ulikuwa unazunguka sakafuni.

"Gaudens," alisema mtu.

Wote wakageuka kumtazama Ignasi, maana sauti ilikuwa yake, ya chini, isiyo na haraka, na lafudhi yake ya kusini. Ignasi alikuwa amefumba mdomo.

"Gaudens," alisema tena mtoto, shavu lake sakafuni, akitazama mfuniko. "Unanisikia, mbwa wewe. Leo utanitambua." Kisha akatoa kwa ulimi wake uliokatwa mlio wa mkanda unaochomoka vitanzini, barabara kabisa. "Pa," akasema. "Pa. Pa." Halafu, kwa sauti nyembamba iliyokuwa ya Severa, "Mwache, Baba Josepha, utaua." Akanyamaza kidogo pale ambapo kwa kawaida palikuwa na yowe. "Pa," akamalizia.

Kisha akaanza upya, tangu jina.

Hakuna aliyeguna. Candida alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Wale wanawake wa kisimani walitazama miguu yao. Walikuwa wamesikia maneno hayo kila siku kupitia ukutani, na sasa waliyasikia tena bila ukuta. Severa alililia neno moja mwaka mzima. Sasa alikuwa amepewa yote, na aliona afadhali asingepewa.

"Hayo ni maneno ya nani?" aliuliza Mzee Ramadhan, ingawa alijua.

Ignasi aliinamia kiganja chake kilichofungwa.

Mfuniko uliyumba, ukakimbia, ukaingia chini ya benchi. Gaudens aliinuka kuufuata. Mkono wake haukufika. Basi akafanya kama alivyozoea: akaushika mkono uliokuwa karibu, ule wenye bendeji, akauvuta kuelekea chini ya benchi, akasubiri. Hakuangalia ulikuwa mkono wa nani.

Mtoto akavuta tena.

"Naam," alisema Ignasi.

Akashuka kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya mtaa mzima, akaingiza kiganja kile kilichotobolewa chini ya mbao na kuutoa mfuniko. Bendeji ililowa damu upya. Gaudens alichukua kilicho chake, akauachia mkono, akarudi mkekani kwa mama yake.

"Mzee," alisema Ignasi, bado yuko magotini, "waacheni wakae." Na Severa, ambaye mpaka anazeeka hakumwomba radhi mtu kwa shazia ile, alitoa vikombe viwili kwenye upindo wa kanga yake, akavigonganisha taratibu, akangoja.